Si Kila Mgeni Apendaye Bembea

Ifikapo tarehe 8 Agosti, Sikukuu ya Wakulima, sisi watu wa Tabora hatuulizwi kama tuna nafasi. Wageni waja tu. Waja kutoka Urambo, Kaliua, Sikonge, Nzega na Igunga. Wengine watoka mbali zaidi, Kigoma na hata Dar es Salaam, maana wana jamaa zao hapa mjini. Kila nyumba hutandika mikeka sebuleni, na kila mama wa nyumba huhesabu sahani zake mara mbili. Nao wageni wakisha kunywa chai, wote huwa na neno moja: twende viwanjani Ipuli tukaone maonyesho ya Nane Nane.

Jambo hilo ni jema. Maonyesho ni shule ya siku moja, nayo ina walimu wengi. Lakini kandokando ya maonyesho kama haya, siku hizi mara nyingi huwapo kitu kingine, nacho ndicho watoto wakiotacho usiku kucha: mabembea ya mashine. Kuna ile ya viti vilivyofungwa kwa minyororo, ambayo huzunguka mpaka viti vikalala hewani. Kuna mashua iendayo juu mbele, kisha juu nyuma, mpaka waliomo wamwona mtu wa chini kama kuku. Kuna nyumba ya puto ya kurukia, ya watoto wadogo. Muziki wapigwa kwa nguvu, vumbi la Agosti lapanda, na vijana wapiga kelele za furaha na za hofu kwa pamoja.

Kwa habari ya wapandao sina neno. Wao siku yao hujipanga yenyewe. Mimi leo nataka kusema juu ya wale wasiopanda: mzee mwenye magoti mabovu, mama mjamzito, mtu mwenye maradhi ya moyo, mtoto aogopaye kwenda juu, na mtu mzima ambaye hapendi tu. Hao, ndugu wasomaji, mara nyingi huenda maonyeshoni na kurudi bila kuona kitu. Kazi yao ni kukaa chini ya mti na kulinda viatu vya wengine. Jioni wakiulizwa, hujibu, "Tumefurahi sana." Huo ni ungwana wao. Usitudanganye.

Mwaka jana nyumbani kwangu tulikuwa watu kumi. Alikuwapo mama mkwe wangu kutoka Urambo, ambaye amepita miaka themanini na jicho lake moja limeingia mtoto wa jicho. Alikuwapo wifi yangu kutoka Dar es Salaam, mja mzito wa miezi sita. Alikuwapo shemeji yangu mkubwa, dereva wa treni aliyestaafu, na shemeji yangu mdogo, mtu wa mizaha na sauti kubwa. Kisha mimi na mume wangu, na watoto wanne: watatu niliowazaa, na mmoja, mwenye miaka kumi, ni mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye tunamlea tangu alipokuwa na miaka sita.

Jioni ya kuamkia sikukuu shemeji mdogo alitoa shauri. Alisema, "Wazee wabaki nyumbani wapumzike, wasisumbuliwe na vumbi. Sisi wenye nguvu tuwapeleke watoto." Alisema kwa moyo mwema kabisa. Na mama mkwe wangu akajibu upesi, kama wazee wote wajibuvyo, "Nendeni, wanangu. Mimi nitalinda nyumba."

Nani kati yetu hajalisikia neno hilo? Mzee hulisema ili asiwe mzigo. Nasi hulipokea upesi, kwa kuwa latupunguzia kazi, kisha twaliita heshima. Lakini heshima ya kumwacha mtu nyumbani ni nusu ya heshima. Mama huyu alikuwa amepanda basi tangu alfajiri kuja kwetu. Kama ni kulinda nyumba, alikuwa na nyumba yake ya kulinda kule Urambo. Na mtu aliyefika umri ule na jicho lile, hatuwezi kumwambia kwa uhakika, "Utaona mwaka kesho."

Basi usiku ule nilifanya jambo moja, nalo ndilo nililoketi kuwaandikia. Niliwauliza wale wasiopanda, mmoja mmoja, kila mtu peke yake: "Kesho wewe wataka nini?"

Nasema peke yake, kwa sababu mbele ya watu hakuna asemaye kweli. Mzee atasema, "Mimi sina neno." Mtoto atasema atapanda, ili wenzake wasimcheke. Mama mjamzito ataona haya kusema kwamba ataka kuwa karibu na choo. Lakini mtu akiulizwa jikoni, taratibu, huku mwaosha vyombo, atatoa la moyoni.

Nao walinijibu hivi. Wifi alisema, "Mimi sitaki kusimama. Nipatie kivuli, maji, na choo kisicho mbali, nami nitakuwa na siku njema." Shemeji mkubwa alitaka kuona mashine: za kukamua mafuta ya alizeti, za kusaga, za kuvuta maji. Nilimwuliza kama yeye, aliyezoea mwendo, hatapanda bembea. Akacheka. "Shemeji," akasema, "nimekwenda na treni miaka thelathini. Lakini nilikaa mbele, na breki ilikuwa mkononi mwangu. Siwezi kukaa kitini nikazungushwa na mtu nisiyemjua." Hapo nilifahamu kwamba kutopanda si woga siku zote. Mtu mmoja hufurahi akijiachia. Mwingine hufurahi akishika breki.

Mtoto wangu wa kulea alikaa kimya muda mrefu. Kisha alisema, "Mama, mimi nataka kwenda na wenzangu, lakini sitaki kupanda." Maneno hayo ni machache, lakini mzazi ayasikiaye ajue kwamba ni mazito. Mtoto hakuogopa bembea tu. Aliogopa kuachwa nje ya kundi la ndugu zake.

Na mama mkwe wangu? Yeye alinishangaza. Alisema, "Mkamwana, kama waniuliza kweli, mimi nataka kuona ng'ombe. Na kama kuna muda, nipelekeni stesheni. Nilimsindikiza baba yenu pale mwaka wa 1962, alipokwenda kukata mkonge Tanga. Tangu hapo sikukaa pale nikatulia."

Angalieni jinsi mambo yalivyogeuka. Watu wanne ambao tulikuwa karibu kuwaandikia siku moja ya kukaa chini ya mti, kumbe walikuwa na siku nne mbalimbali vichwani mwao. Wala hakuna hata moja iliyohitaji fedha nyingi.

Shida hii si ya Tabora peke yake. Huko Marekani kulikuwa na mtu mashuhuri wa sinema, Walt Disney. Yeye mwenyewe alieleza kwamba aliwapeleka binti zake wadogo kwenye bembea za kuzunguka, naye akakaa kwenye benchi akitafuna karanga, hana la kufanya. Akajiuliza kwa nini pasiwe na mahali ambapo mzazi na mtoto wafurahi pamoja. Mwaka wa 1955 alifungua bustani yake kubwa, Disneyland, katika jimbo la California, na kuizungushia reli ya treni ndogo, ili hata mtu asiyetaka kurushwa hewani aketi na kuzunguka akitazama. Na zaidi ya miaka mia kabla yake, mwaka wa 1843, watu wa Copenhagen huko Denmark walifunguliwa bustani ya Tivoli, yenye maua, taa na muziki pamoja na michezo. Wenye biashara hiyo wamejua tangu zamani kwamba katika kila jamaa yuko asiyepanda, na kwamba yeye asipofurahi, wote watarudi nyumbani mapema. Sisi hatuna bustani za namna hiyo hapa, lakini benchi la yule baba tunalo. Ni kile kivuli cha mwembe na rundo la viatu.

Basi tulipanga siku. Kwa habari ya saa, sikuona mwalimu bora kuliko watu wa kale wa njia yetu hii. Tabora, ambayo wageni wa zamani waliiita Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo watu walipita Ugogo wakafika hapa, na kutoka hapa wengine wakaenda Ujiji, wengine kaskazini kuelekea ziwa Nyanza. Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika hapa Novemba, zaidi ya miezi minne njiani. Mpagazi alichukua mzigo wa kilo thelathini au zaidi, na wako Wanyamwezi waliofuatana na wake zao na watoto. Wangewezaje kufika? Walikuwa na desturi moja. Walianza mwendo alfajiri kungali na baridi, na jua lilipokaribia kusimama utosini, kirangozi aliwafikisha kambini, mizigo ikatuliwa. Hawakushindana na jua.

Hali ya hewa ya Agosti hapa kwetu haijabadilisha desturi yake: asubuhi baridi yenye upepo, mchana jua kali na vumbi. Kwa hiyo tuliingia viwanjani mapema, kabla ya msongamano. Tulichukua vigoda viwili vya miguu mitatu, mtungi wa plastiki wa maji, mihogo ya kuchemsha, mayai, chupa ya chai, na kitenge cha kumfunika mama asipulizwe na upepo. Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuchagua kambi: mwembe mmoja mkubwa, karibu na choo, mbali na vipaza sauti. Kila mtoto alionyeshwa mti ule na kuambiwa, "Ukipotea, rudi hapa." Tena tuliweka sheria ya ulinzi. Kila mtu mzima alilinda mizigo kwa zamu ya saa moja, na akina baba pia. Hapakuwa na mlinzi wa kutwa.

Kutoka saa mbili mpaka saa nne tulikwenda wote pamoja, kwa mwendo wa mama mkwe wangu. Vijana walinung'unika kidogo, lakini saa mbili si nyingi. Tulianza na ng'ombe. Mama alisimama mbele ya dume moja kubwa, akampapasa shingo, akamwuliza mchungaji wake maswali mengi, mpaka yule kijana akavua kofia. Tulipofika penye mazao makavu, alikuta viazi vitamu vilivyokaushwa. Aliwafundisha watoto tofauti: michembe hukatwa vibichi na kuanikwa, matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo vikaanikwa. Akawaambia kwamba wako wazee wasemao jina la mji wetu, Tabora, latokana na matobolwa hayo, chakula kilichofaa safarini kwa kuwa hakiozi. Akaeleza pia jinsi mama yake alivyohifadhi ulezi katika kilindo cha gome la mti. Bibi shamba aliyekuwapo pale alitoa daftari akaandika.

Hapo ndipo niliona faida ambayo sikuitazamia. Kwenye bembea mzee ni mtu aliyepungukiwa. Mbele ya ng'ombe na viazi, yeye ndiye mwenye elimu, na wajukuu ndio wasiojua. Ukitaka kumpangia mzee siku ya furaha, usimtafutie tu mahali pa kuketi; mtafutie mahali ambapo ana la kusema.

Saa nne tuligawanyika. Wapandao walikwenda kwenye mabembea na mume wangu. Na hapo hapo likatokea lile nililoliogopa. Mtoto wangu mkubwa alimgeukia yule mdogo wake wa kulea akasema kwa sauti, "Wewe nenda na wazee, mwoga!" Wengine wakacheka.

Kabla sijafungua kinywa, mama mkwe wangu alinyosha mkono. Hakugomba. Alisema hivi: "Babu wa baba yangu alikwenda pwani na mizigo mara tatu. Walikuwapo vijana waliojionyesha kwa kuruka na kukimbia siku ya kwanza, na siku ya kumi walilala njiani. Mpagazi mzuri si yule arukaye. Ni yule afikaye. Ninyi pandeni, nami nitawapigia makofi. Huyu atakwenda na baba yake mkubwa kuangalia mambo, naye atatuletea habari. Kila msafara una mtu wake wa kuleta habari."

Yule mtoto alikwenda. Shemeji mkubwa aliona mashine zake kwanza, akazieleza kama mtu aelezaye jamaa zake. Kisha walifika kwenye banda la wafuga nyuki. Wote wajua asali ya Tabora na sifa zake, na misitu yetu ya miyombo ndiyo mama yake. Pale palikuwa na mzinga wenye ukuta wa kioo, mtu aone nyuki kazini. Wakaelezwa kwamba nyuki wafanya kazi wote ni majike; kwamba madume hawana mwiba; kwamba malkia aweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja kwa siku; na kwamba mzinga wa kale wa gome waweza kuua mti mzima uliobanduliwa, ndiyo sababu wafuga nyuki wafundishwa kutumia mizinga ya mbao. Wakati wa chakula, mtoto yule alizungumza bila kupumua. Wenzake waliacha mayai mikononi. Alipomaliza, mkubwa aliyemwita mwoga alisema, "Tupeleke na sisi." Baada ya kula walikwenda, naye akatangulia mbele kama kirangozi.

Wazazi wenzangu, mtoto asiyetaka kupanda asiambiwe, "Jikaze." Asibebwe na kuwekwa kitini akilia, huku watu wacheka. Nimeona mahali fulani mtoto akifungwa mkanda kwa nguvu na baba yake mwenyewe, na mwenye mashine akapokea fedha akanyamaza. Ujasiri haupandwi mtu namna hiyo. Mpe mtoto kazi ya heshima upande wa pili, ili arudi kundini akiwa na kitu mkononi. Mwaka mwingine akitaka kupanda, atapanda kwa miguu yake.

Nisisahau habari ya afya. Mabembea yaendayo kasi hayafai kwa wajawazito, wala kwa wenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu lisilotulizwa, maumivu ya mgongo au shingo, kifafa, au waliopasuliwa karibuni. Kichefuchefu cha kuzunguka nacho si uzembe wa mtu. Ndani ya sikio mna mifereji midogo yenye maji, nayo huujulisha ubongo kwamba mwili wageuka. Macho yakisema moja na sikio likasema jingine, ubongo huvurugika, na tumbo ndilo lilipalo. Watu hawafanani katika jambo hili, kama wasivyofanana safarini katika basi. Tena kabla ya kumpandisha mtoto, mtazame mwenye mashine: je, afunga mikanda yote mwenyewe? Je, awaacha watu wasimame kabla mashine haijatulia? Kama hapana, ondoka na watoto wako, hata kama wamekwisha kulipa.

Shemeji mdogo alikuwa ameahidi kupanda ile mashua kubwa pamoja na vijana. Njiani walipita banda moja la afya, ambapo watu walipimwa shinikizo la damu bila malipo. Alikaa kwa mzaha. Mwuguzi alipima, akapima tena, akamwuliza kama ametumia dawa zake. Alikuwa hajazitumia kwa mwezi mzima. Mwuguzi alimwambia asithubutu kupanda kitu, akapumzike, na kesho yake aende hospitali. Basi yule aliyetaka wazee wabaki nyumbani alikuja kuketi chini ya mwembe kando ya mama yake. Mama alimmenyea yai, wala hakusema neno. Lakini nilimwona akimtazama kwa lile jicho lake zima.

Sasa juu ya fedha. Katika nyumba nyingi fungu lote la sikukuu huishia kwenye mabembea, na asiyepanda hapati kitu, kana kwamba kutopanda ni kukataa haki yake. Sisi tulifanya hivi: kila mtu alipewa fungu sawa, apande asipande. Wapandao walinunua tiketi. Wifi alikula nyama choma kidogo na chungwa, na kununua kitambaa cha kumbebea mtoto atakayezaliwa. Yule mtoto alinunua chupa ndogo ya asali. Mama mkwe wangu aliifunga fedha yake katika pindo la kanga, akasema atanunua mbegu. Akanunua kweli. Fungu hili la asiyepanda ni dogo, lakini lamwambia mtu kwamba naye amehesabiwa.

Saa nane tulirudi nyumbani, watu wakalala kidogo. Saa kumi, jua lilipopungua ukali, mimi na mume wangu tulimpeleka mama stesheni. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka wa 1912 wakati wa Wajerumani, ikafika Kigoma mwaka wa 1914, na tawi la Mwanza likamalizika mwaka wa 1928. Kwa reli hiyo vijana wengi wa nchi hii walikwenda kwenye mashamba ya mkonge, wale walioitwa manamba. Mama aliketi kwenye kigoda chake. Treni ya abiria haikupita saa ile. Kilipita kichwa kimoja tu, polepole. Alisema, "Alivaa koti la kuazima. Alinipungia mkono mpaka kwenye lile pinda." Kisha akanyamaza, nasi tukanyamaza naye. Mume wangu, ambaye ni mtoto wake wa nne, hakuwahi kuisikia habari ya lile koti.

Asubuhi iliyofuata wote tulikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye lile tembe ambalo sasa ni makumbusho. Mahali pale pafaa sana kwa wasiopanda: hapana ngazi ndefu, pana miti, pana utulivu. Hapo ndipo Stanley na Livingstone walipofika Februari 1872, baada ya kuonana Ujiji. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi kurudi pwani, akamwacha Livingstone akingoja watu wa kumchukulia mizigo. Mzee yule mgonjwa alingoja miezi mitano, na watu walipofika akaondoka tarehe 25 Agosti 1872, asirudi tena akiwa hai. Alifariki mwaka uliofuata katika nchi iitwayo leo Zambia, na Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake mpaka pwani, wakipitia hapa hapa Unyanyembe.

Watoto waliuliza kama misafara ile ilikuwa ya kufurahisha. Shemeji mkubwa aliwajibu kweli, na ilifaa. Aliwaambia kwamba njia ile haikuwa ya matembezi. Wako waliobeba mizigo kwa ujira, wakajenga jina la Wanyamwezi mpaka pwani. Na wako waliopita wamefungwa minyororo, waliouzwa pamoja na pembe za ndovu. Watoto walinyamaza. Si lazima kila saa ya matembezi iwe ya kicheko. Mtoto aweza kucheka Ipuli jana na kunyamaza Kwihara leo, na siku zote mbili zikawa njema.

Basi, akina mama na akina baba, sikukuu ikikaribia, msianze kwa kuhesabu tiketi. Anzeni kwa kuhesabu watu, na kila mtu mumwulize peke yake. Ingieni mapema, tafuteni mti, pokezaneni zamu, gawanyeni fedha sawa. Kwanza endeni wote kwa mwendo wa yule aendaye polepole, kisha waacheni wenye haraka wakimbie. Mambo haya hayana gharama kubwa, ila yataka mtu mmoja akae usiku mmoja na kufikiri.

Wifi alijifungua salama mwezi wa Novemba. Shemeji mdogo atumia dawa zake, na kila Jumapili hupiga simu kumjulisha mama yake vipimo, naye huvisikiliza kana kwamba anavielewa. Mwaka huu mama ametuma salamu kutoka Urambo kwamba atakuja tena. Ameuliza mambo mawili: kama yule dume atakuwapo, na kama yule mjukuu wake wa habari atakuwa nyumbani. Tena amesema tusisahau kigoda.